Karatasi Kwenye Ua wa Shangazi

Habiba alinipigia simu asubuhi kuniambia kwamba mama yake amefariki, na papo hapo nikajua sitayawahi mazishi. Wenzetu Waislamu hawachelewi kuzika, na kutoka Salama, ninapouza chakula kando ya barabara kuu, hadi Kyuso kaskazini mwa Kitui, ni safari ya kutwa nzima. Hata hivyo niliifunga hoteli yangu nikaenda. Nilipofika walikuwa wameshamzika. Nyumbani walibaki wanawake wameketi kwenye mikeka, wakipokezana watoto na birika la chai ya tangawizi. Nilipewa kikombe cha bati chenye maua yaliyofifia, nikakaa karibu na Habiba, ambaye sasa ana wajukuu. Kisha akaniuliza kama bado naukumbuka ule mwaka niliokaa kwa shangazi yangu, nyumba ya jirani. Nikamwambia sijausahau. Akaniuliza kama naikumbuka Krismasi yake. Nikamwambia naikumbuka vizuri. Akanitazama kama mtu anayejipima aseme au anyamaze, halafu akanimiminia chai nyingine.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nilitoka Kilungu, kwenye vilima vya baridi na miti ya matunda, nikapelekwa Kyuso kumsaidia Shangazi Syokau na mifugo yake. Nilifika Januari, sikukuu ikiwa imepita karibuni, na kitu cha kwanza nilichokiona kabla sijaiona nyumba ni ua. Ulikuwa ua wa miiba, mrefu kuliko mimi, na kila mwiba ulikuwa umeshika karatasi. Hivyo ndivyo tulivyoiita mifuko ya plastiki wakati ule, karatasi, na dukani ulipewa bure hata ukinunua kiberiti. Palikuwa na za buluu zenye mistari, nyeusi, nyeupe za mkate zenye picha ya shuke la ngano, za biskuti, za mafuta ya kupikia. Upepo ulipovuma zilipiga kelele zote pamoja, kama watu wengi wanaonong'ona nyuma ya mlango. Nilidhani Shangazi angeona haya. Kumbe aliniongoza getini akinionyesha. Muli, mwanawe wa kwanza, alikuwa amekuja na familia yake kutoka Nairobi na gari limejaa, Shangazi akaongeza mikate ya dukani, wakala siku nyingi na majirani, wakaondoka, na hayo ndiyo yaliyobaki. Shimo la takataka nyuma ya jikoni lilikuwa limefurika na hakuna aliyejali. Baadaye nilikuja kuelewa. Mahali ambapo watu wengi hula ndengu na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa mwaka mzima, takataka ilikuwa ushahidi. Mpita njia aliona ua ule akajua kwamba humu ndani watu walisherehekea.

Nililala kwenye stoo, katikati ya magunia ya ndengu, na harufu ya vumbi lake kavu bado hunijia nikifungua gunia hotelini. Ukuta kati ya stoo na sebule ulikuwa wa mabati tu. Kwa hiyo niliijua nyumba ile kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho. Nilikijua kikohozi cha Mzee, mume wa Shangazi, ambaye watu walimwita Baba Muli. Nilijua anavyovuta kiti akikasirika, na anavyonyamaza Shangazi akimuuliza jambo asilotaka kulijibu. Jioni tulikula muthokoi uliopikwa na kunde, na Shangazi alinipa maziwa ya ng'ombe wake wa rangi ya majivu aliyeitwa Baraka. Ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa benki ya nyumba, ndiye chai, ndiye heshima. Jirani zetu upande wa sokoni walikuwa kina Habiba. Walikuwa wametoka kaskazini mashariki, baba akinunua mbuzi na kuwasafirisha kwa lori lake, mama akiendesha duka dogo la unga, sukari na mafuta ya taa. Mimi na Habiba tulikuwa rika moja, na tulikutana kisimani kwenye pampu, tukangojea zamu pamoja.

Mvua ya Aprili haikuja. Wingu lilikusanyika siku mbili tatu juu ya vilima, likatuangalia, likaondoka. Kufikia Juni ardhi ilikuwa nyekundu na ngumu kama sakafu ya kanisa. Mbuzi wa Shangazi, waliozoea kwenda mbali, walianza kubaki karibu na nyumba, na siku moja niliwakuta wamesimama wima kwa miguu ya nyuma, wamejipanga kwenye ua, wakichuma karatasi moja moja. Walipendelea zile zilizobeba chumvi na mafuta. Walizitafuna polepole, macho yamefumbwa nusu, kama wanaokula kitu kitamu. Niliwafukuza, nikamwambia Shangazi. Akasema mbuzi ni mbuzi, hula hata shati lako kwenye kamba. Na kweli ua ulianza kuwa safi, jambo ambalo sote tulilifurahia.

Mwezi wa nane Shangazi alitaka kuuza mbuzi wanne anunue mahindi. Akamwita Baba Habiba. Alikuja na fimbo yake, mtu mrefu asiye na maneno mengi, akawashika mbuzi mmoja baada ya mwingine, akizamisha vidole chini ya mbavu upande wa kushoto. Wawili akawatenga.

"Hawa siwezi nunua, Mama Muli," akasema. "Tumbo yao iko na kitu. Wamekula kitu si majani."

Shangazi alingoja hadi mtu yule akatoka getini. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba watu hawa walikuja hapa hawana kitu na leo wanachagua mbuzi wake kama nyanya sokoni. Nilikuwa nikipepeta ndengu. Nakumbuka upepo ulivyoyachukua makapi kuelekea upande wao, naye akatazama yanavyokwenda.

Mbuzi wale wawili walikufa kabla ya mwezi kwisha. Hawakuugua kama mbuzi wanavyougua. Walikuwa wamekonda mgongoni na kuvimba tumboni, wakasimama kwenye kivuli bila kutafuna, hadi wakalala. Wakafuata wengine. Si kwetu tu; Kimanzi, mzee wa kanisa aliyekaa ng'ambo ya barabara, alipoteza wengi zaidi, na boma zote zilizopakana na soko zilikuwa na msiba huohuo. Mizoga ilivutwa hadi korongoni na hakuna aliyeipasua, kwa sababu watu waliogopa kugusa ugonjwa wasioujua. Mbwa nao hawakuila. Na jambo moja watu walianza kuliona na kulisema, mwanzoni kwa sauti ya chini, kwamba mbuzi wa Baba Habiba hawafi. Sababu ilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuiona. Mbuzi wake walilala hapo siku chache tu kati ya mnada na lori, wala hawakulishwa sokoni. Lakini ukame hufanya watu wasitake sababu iliyo wazi. Ikasemwa kwamba anawagusa mbuzi kwa vidole na yule anayemkataa hufa. Shangazi alikuwa amewaeleza wenzake kisimani jinsi Baba Habiba alivyowatenga wawili wale. Alieleza kwa hasira tu, hakukusudia lingine, lakini neno lilikwishatoka.

Nimeishi kando ya barabara kuu miaka mingi sasa, na nimeona jinsi mji unavyobadilika watu wakitafuta wa kumlaumu. Haubadiliki kwa kelele. Kwanza duka la Mama Habiba lilianza kukosa wateja wa asubuhi. Kisha wanawake kwenye pampu wakaacha nafasi kati yao na Habiba, nafasi ya mtungi mmoja, halafu ya miwili. Mimi nilisimama katika nafasi hiyo, na walinisalimia mimi bila kumsalimia yeye. Siku moja tulikuta lango lao limepakwa samadi. Mama Habiba alikuwa akiliosha kwa maji ambayo tulijua alivyoyapata kwa taabu, na Shangazi akapita akitazama mbele. Jioni, kupitia mabati, nilimsikia Mzee akisema mtu hawezi kuosha dhambi na maji ya kisima.

Novemba nayo ilianza bila mvua. Jumapili moja baada ya ibada, wanaume walikuja kwetu. Niliwapelekea chai na viazi vitamu vya kuchemsha, wakaacha kuongea nilipoingia, wakanishukuru kwa upole, wakaulizia wazazi wangu Kilungu. Nikarudi stoo kuchagua mbegu za ndengu. Kimanzi ndiye aliyesema zaidi, na hakupandisha sauti. Alisema mambo haya yamevumiliwa vya kutosha, kwamba Jumamosi baada ya soko watakwenda kuwaambia wafunge virago. Mtu akauliza wakikataa je. Kijiko kiligonga kikombe.

"Nyumba ni ya mbao na mabati," Kimanzi akasema. "Krismasi hii hawa watu hawataiona wakiwa hapa."

Nilimngojea Mzee apinge. Nilisikia kiti chake kikivutwa, kisha nikasikia akiomba aongezewe chai.

Nilimwambia Shangazi kesho yake tukiwa zizini. Baraka alikuwa amelala tangu alfajiri na hakutaka kuinuka, tumbo lake limejaa kama gunia upande mmoja, na Shangazi alikuwa akimsugua kwa majivu na maji ya uvuguvugu. Nilimweleza yote, na nani alisema nini. Aliendelea kusugua. Nikadhani hajasikia. Mwishowe akaniuliza kama Baba Muli naye alisema neno. Nikamwambia hakusema. Akaukamua mkono wake maji, akakaa chini kwenye samadi kavu, mwanamke aliyekuwa hakai chini hata kanisani, akasema kwamba Mama Habiba ndiye aliyemshika mgongo usiku aliomzaa kitindamimba wake, mkunga alipokosekana. Sijui kama alikuwa akiniambia mimi.

Baraka alikufa Jumamosi asubuhi. Wanaume walikuja alasiri, kama walivyokubaliana, wakakusanyika uani kwetu kwa sababu ndiko kulikokuwa karibu. Wengine walikuwa na panga, jambo ambalo kwetu si ajabu, mtu hutoka shambani nayo. Lakini hawakutoka shambani. Walikuwa wamevaa nguo za soko. Mmoja alibeba mtungi mdogo wa mafuta ya taa, na nilijua alikoyanunua, kwa sababu duka lililouza mafuta ya taa upande ule lilikuwa moja. Mama Habiba mwenyewe ndiye aliyempimia. Kimanzi alipouona mzoga wa Baraka zizini alitikisa kichwa, akamwambia Mzee kwamba sasa hata ng'ombe. Watu wakaguna. Ng'ombe yule alikuwa amewapa jibu walilolitaka.

Hapo Shangazi akatoka jikoni na kisu cha kuchinjia. Walimpisha. Sidhani yeyote alijua anakwenda wapi. Alipita katikati yao, akaingia zizini, akapiga magoti kando ya ng'ombe wake, akampasua upande wa kushoto, pale Baba Habiba alipokuwa akizamisha vidole kwa mbuzi. Harufu iliyotoka iliwarudisha watu nyuma. Aliingiza mikono yote hadi viwiko, akavuta, ikakataa, akaniita nimsaidie. Tulivuta pamoja. Likatoka donge kubwa, zito, limesokotwa kama kamba iliyolowa, lenye rangi ya nyongo, tukaliburuta hadi kwenye jua. Shangazi akaanza kulikunjua. Ilikuwa karatasi juu ya karatasi. Za buluu zenye mistari. Nyeusi. Alipofika ndani kulikuwa na nyeupe, na ijapokuwa ilikuwa imekaa tumboni miezi mingi, lile shuke la ngano lilionekana kama limechapwa jana.

Kisha Kimanzi akasema kwa utaratibu wake uleule kwamba mchawi huweza kuweka chochote tumboni mwa mnyama.

Shangazi akaikunjua ile ya mkate akaishika mbele yake kwa mikono miwili.

"Hii mkate ni mimi nilinunua, Kimanzi. Tulikula na wewe. Na karatasi yake ni mimi nilitupa. Kama kuna mchawi, anza na mimi."

Watu hawakutubu. Nataka niseme hivyo kwa sababu nimesikia hadithi hii ikisimuliwa Kyuso kana kwamba walitubu. Walisimama kidogo, mmoja akasema jua linatua na hajafungia kuku, mwingine akamfuata. Yule mwenye mtungi aliuchukua akaenda nao. Mzee alibaki kwenye kiti chake barazani, na usoni mwake sikusoma haya wala furaha. Aliniagiza maji ya kunawa, ingawa hakuwa amegusa kitu.

Tangu siku ile Shangazi alikuwa kama mtu anayekimbizana na jambo. Tulikwenda kwenye ua na kuchomoa kila karatasi iliyobaki, mikono ikichanika. Tulifukua shimo la nyuma ya jikoni, tukachimba lingine refu zaidi mbali na njia ya mbuzi, tukafunika kwa udongo na mawe. Hakutaka kuchoma, akisema moshi wa karatasi ameshauvuta vya kutosha. Alimwambia Muli kwa simu ya soko kwamba aje Krismasi, lakini asije na kitu chochote kilichofungwa. Mchele uje kwenye kiondo, sukari kwenye kopo, nyama wataipata hapa, soda inunuliwe kwa kreti za chupa za kurudishwa. Kila mgeni aje na sahani yake na kikombe chake. Muli alicheka, akauliza kama nyumba imefilisika. Mkewe alikasirika kweli. Alisema watu watawaonaje. Shangazi akawaambia basi wasije. Walikuja. Aliwazungukia pia majirani mmoja mmoja, hata Kimanzi, akiwaalika na kuwaeleza masharti, na mwisho akaenda kwa kina Habiba. Nilikuwa naye. Alisimama mlangoni, akamwomba Baba Habiba aje amchinje mbuzi wa Krismasi kwa mkono wake, ili nao wapate kula. Yule mtu alimtazama mkewe kabla ya kujibu.

Alichinja asubuhi ya sikukuu, na kabla ya kuchuna alilipasua tumbo, akalimwaga mbele ya watu. Majani na maganda ya ndengu tu. Tulipika pilau kwa sufuria kubwa, chapati, na kunde za nazi alizotufundisha Mama Habiba. Shangazi alikuwa amepima chakula kulingana na watu, kwa hiyo hakikubaki cha kumwaga. Mifupa ilikwenda kwa mbwa, maganda kwa mbuzi, chupa zikarudi kwenye kreti. Ilikuwa Krismasi safi kuliko zote nilizowahi kuziona, na sijawahi kuhudumia watu nikiwa na hofu kama ile. Wanaume wale wa Jumamosi walikuwa wameketi kwenye mabenchi wakila nyama iliyochinjwa na mtu waliyetaka kumchomea nyumba. Walikula kwa mikono iliyotulia. Kimanzi aliomba kuongezewa, nami nikamwongezea. Walimsalimia Baba Habiba, akaitikia. Hakuna aliyecheka kwa sauti isipokuwa watoto wa Muli.

Mama Habiba aliketi na wanawe mkekani, upande wa langoni. Walipomaliza hakungoja maji ya mgeni. Aliosha sahani zao mwenyewe, vikombe, vijiko, akavipanga kiondoni, akakung'uta mkeka, akaukunja. Shangazi alisimama akamsifu mbele ya wageni wote. Alimwonyesha mke wa Muli pale walipokuwa wameketi, pasipobaki hata punje ya wali, akamwambia hivi ndivyo mtu anavyosherehekea kwa mwenzake. Mama Habiba alitabasamu, akaaga mapema.

Serikali ilikuja kuipiga marufuku mifuko ile. Siku hizi mbele ya hoteli yangu Desemba yote hurushwa chupa za plastiki kutoka madirishani, na vibakuli vyeupe vya chipsi, na nepi, na mbuzi wa Salama husimama kando ya lami wakivitafuna macho yamefumbwa nusu. Nimekataa kuwauzia wasafiri chakula cha kubeba. Aje aketi, ale kwenye sahani. Wengine huniona mkaidi. Shangazi alifariki zamani, Mzee pia, na Kimanzi alizikwa kwa heshima zote za kanisa. Hayo nilikuwa nikimweleza Habiba pale mkekani, nikamwambia kwamba kila mwaka ninapopika pilau namkumbuka mama yake alivyokung'uta ule mkeka.

Habiba alikiweka kikombe chini.

"Mama alijua, Mutheu," akasema. "Alimpimia yule mtu mafuta ya taa, akaona vile alikuwa hawezi kumwangalia. Siku hiyo ya Krismasi tulikuwa tumefunga vitu zote. Nguo, godoro, mpaka kinu. Lori ilikuwa na mafuta. Alituambia twende tukule, tusicheke sana, na tusiache kitu."

Nilimuuliza ile mizigo waliifungua lini. Akafikiri, akitazama mlango wa chumba cha mama yake, ambamo wanawake walikuwa wakiingia na kutoka. Akasema vyombo walivifungua baada ya mvua ya mwaka uliofuata, na nguo polepole, kila mtu alipohitaji yake. Furushi moja lilibaki chini ya kitanda, na mama hakutaka liguswe. Wamelifungua asubuhi hiyo tu, walipokuwa wakitafuta shuka la kumfunikia.